Anayetaka ufundi wa jukwaa achague ukumbi, si jina la chuo

MVUA ilinikuta sokoni Karatina mwezi uliopita, nami nikajisitiri katika mkahawa mmoja ulio mkabala na soko hilo ambalo sifa zake zilivuka zamani mipaka ya Mathira. Hapo ndipo mzee mmoja tunayefahamiana aliponijongelea, akiandamana na bintiye aliye katika Kidato cha Nne. Baada ya salamu, mzee aliingia moja kwa moja katika lililomsumbua.

“Daktari, hebu zungumza na huyu mtoto,” aliniambia. “Mimi nimemshauri asomee uuguzi. Yeye anasema anataka kusomea mambo ya jukwaa. Na si kuigiza. Anataka kusomea taa na mapazia.”

Binti aliinamisha kichwa kwa heshima lakini hakunyamaza. “Mwalimu, katika kikundi chetu cha drama mimi ndiye niliyefunga taa, nikachora mandhari na kushona maleba kutokana na magunia. Waigizaji walipopigiwa makofi nilifurahi kuliko wao. Nataka kujua ni chuo gani kinachofundisha kazi hiyo hadi shahada.”

Swali la mzee lilikuwa fupi zaidi: “Na akimaliza, ataandikwa na nani?”

Nakiri kwamba sikuwa na jibu papo hapo. Nimefundisha isimu katika chuo kikuu kwa miaka mingi, nikiwa jirani wa wenzangu wanaofundisha fasihi, na sote tumewahi kuwatahini vijana juu ya tamthilia. Hata hivyo, sikumbuki siku hata moja nilipomshauri mwanafunzi kuhusu kazi inayofanyika nyuma ya pazia. Niliwaomba wanipe muda. Makala haya ndiyo jibu langu kwao, na kwa walimu wengine ambao bila shaka wataulizwa swali lilo hilo.

Nianze na neno, maana ndilo shamba langu. Mtu akitengeneza taa za jukwaani huku kwetu, tunamwita fundi wa stima. Akiunda kasri la mbao na karatasi, tunamwita seremala. Akishona joho la mfalme, huyo ni fundi cherehani. Majina haya si matusi, lakini kila moja linamtoa mhusika katika sanaa na kumrudisha mtaani, kana kwamba aliingia ukumbini kwa bahati. Ilhali neno lenyewe fundi lina heshima kubwa kuliko tunavyolitumia. Lina undugu na kitenzi funda, chenye maana ya kumpa mtu mafunzo na siri za jambo, na kutoka ukoo huo tumepata fundisha, mafunzo na mwanafunzi. Kwa asili yake fundi ni mjuzi anayeweza kumrithisha mwingine ujuzi. Ni ajabu kwamba neno lililo jamaa ya mwanafunzi tumelifanya liwe jina la mtu anayedhaniwa hakusoma.

Ajabu ya pili iko katika mitihani yetu. Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili wa shule ya upili asiyejua maleba ni nini. Ataeleza umuhimu wake katika fasihi simulizi, atataja jinsi yanavyombainisha mhusika na kuvuta makini ya hadhira, naye atatuzwa alama zake zote. Lakini mwanafunzi huyo hajapata kuambiwa kwamba kuna watu duniani ambao riziki yao ni kubuni na kushona maleba, wala kwamba kazi hiyo ina vyuo vyake. Tunawafunza vijana kulikariri neno tukiwaficha kazi. Wahenga walisema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali, nasi tumekuwa tukigawa nta kwa ukarimu mkubwa.

UFUNDI HUU NI UPI?

Kabla ya kuchagua chuo, sharti tujue kinachotafutwa. Ufundi wa jukwaa ni jumla ya kazi zote zinazoufanya mchezo uonekane na usikike: kubuni na kujenga mandhari, kupanga mwangaza, kusimamia sauti, kubuni maleba, kupamba nyuso, kutunza vifaa, na juu ya yote kulisimamia jukwaa lenyewe. Msimamizi wa jukwaa ndiye mwenye daftari linaloonyesha ni lini taa ibadilike, ni lini mlio usikike na ni upande gani mwigizaji aingilie. Mwelekezi anaweza kwenda zake usiku wa kwanza wa maonyesho. Msimamizi akiondoka, mchezo utasambaratika.

Baadhi ya kazi hizi zinahitaji jicho la mchoraji. Nyingine zinahitaji hesabu, na makosa yake huua. Chukua mfano mdogo. Umeme wetu ni wa volti 240, na soketi ya kawaida ukutani imewekewa mpaka wa ampea 13. Maana yake ni kwamba haiwezi kubeba zaidi ya wati 3,120. Taa moja ya zamani ya jukwaani hutumia wati 1,000. Ukichomeka tatu kwa waya mmoja utakuwa umefika karibu na ukingo. Ukiongeza ya nne utakuwa umeuvuka, na fyuzi itakatika. Hapo ndipo mtu asiyejua, akiwa na haraka ya kuwaridhisha wageni waliokwisha kukaa, hutoa fyuzi na kuweka kipande cha waya mahali pake. Taa zitawaka, na waya wa ukutani utapata moto polepole huku ukumbi umejaa watoto. Ni kweli kwamba taa mpya za LED hutumia umeme kidogo sana, lakini nazo huongozwa kwa mitambo inayohitaji mafunzo yake.

Basi, anayedhani kwamba binti yule anataka kusomea mchezo tu na akumbuke taa ya nne.

YALIYOTENDEKA KAMIRIITHU

Si kwamba ufundi huu ni mgeni kwetu. Wanafunzi wa fasihi huukumbuka mwaka wa 1977 kwa sababu ya maneno: tamthilia ya Ngaahika Ndeenda iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki 2025, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kinachosahaulika ni mbao na misumari. Wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, ambao wengi wao walikuwa wakulima na vibarua, walijijengea ukumbi wa wazi wa kutosha watazamaji wapatao 2,000. Kabla ya kusimamisha nguzo moja, waliunda mfano wa jukwaa hilo kwa njiti za viberiti, wakaujadili na kuurekebisha. Hiyo ndiyo kazi ambayo leo hulipiwa karo katika vyuo vya ng’ambo.

Serikali iliupiga mchezo huo marufuku mnamo Novemba 1977, baada ya maonyesho ya wiki chache. Machi 1982 ikapeleka askari wakaubomoa ukumbi wenyewe. Nimekuwa nikijiuliza: ikiwa jukwaa ni mbao tu, mbona halikuachwa? Waliolibomoa walijua jambo ambalo sisi wasomi tulichelewa kulijua, kwamba maneno yaliyo kitabuni hayawi tamthilia hadi yapate mahali pa kusimama. Kitabu kilinusurika, tamthilia hiyo ilionyeshwa tena mwaka wa 2022 katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi. Lakini wale waliojenga kwa njiti za viberiti hawakupewa nafasi ya kufunda kizazi cha pili. Tulipoteza shule ya ufundi pamoja na ukumbi.

VYUO VILIVYOPO

Turudi kwenye swali la binti. Ukweli ni kwamba mwanafunzi wa Kenya anayetafuta shahada iliyobeba jina la ufundi wa jukwaa peke yake atachoka kutafuta. Kwa kawaida ufundi huu huwa umefumbatwa ndani ya shahada pana zaidi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayofundisha sanaa za maonyesho na filamu. Chuo Kikuu cha Moi kimeunganisha fasihi, maonyesho na filamu chini ya idara moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kina historia ya kujivunia, kwani mnamo 1974 kilianzisha kikundi cha wanafunzi kilichozunguka nchini kikionyesha michezo bila malipo, kwa kuufuata mfano wa Makerere wa miaka ya 1960.

Nje ya mipaka, Makerere imefundisha muziki, ngoma na maigizo tangu 1971, huku Kampala ikiwa na jumba la kitaifa la maonyesho tangu 1959. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na nafuu yake kwetu ni kwamba mazungumzo ya kazi huko huendeshwa kwa Kiswahili. Kisha kuna Bagamoyo. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa huko 1981, ambacho tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hakitoi heshima ya shahada bali vyeti na stashahada. Lakini huko ufundi wa jukwaa umehesabiwa kuwa somo kamili pamoja na ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi. Nani kati ya washauri wa wanafunzi katika shule za Nyeri aliyewahi kuwatajia watoto Bagamoyo?

Walio na uwezo, au watakaobahatika kupata ufadhili, wataisikia pia Pretoria, ambako Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Tshwane hufundisha teknolojia ya sanaa za maonyesho, na London, yenye vyuo vikongwe kama Guildhall ambako fundi wa taa na msimamizi wa jukwaa hupewa shahada sawa na mwigizaji. Lakini kwa familia inayotegemea kahawa na ng’ombe wachache, ushauri wa kwenda London si ushauri. Ni hadithi ya kumfurahisha mtoto. Nitabaki Afrika Mashariki.

MAMBO YA KUULIZIA

Sikusudii kuvipanga vyuo hivi kwa ngazi, huyu wa kwanza na yule wa mwisho. Idara hubadilika, mwalimu mmoja hodari akistaafu, sifa iliyojengwa kwa miaka 20 huweza kubomoka kwa muhula mmoja. Ninalotaka kusema ni kwamba jina la chuo na jina la shahada ndivyo viongozi wabaya kuliko vyote katika uchaguzi huu, na ndivyo tunavyovifuata. Mzazi anayelipa karo kwa kusoma jina la kozi katika orodha ya KUCCPS anauziwa mbuzi kwenye gunia. Na afungue gunia.

Kwanza, auone ukumbi. Naliwahi kuzuru chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kimejisifu kwa kozi yake ya sanaa za maonyesho. Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ulipofunguliwa, jukwaa lilikuwa limejaa viti vilivyovunjika, na bodi ya kuongozea taa ilikuwa imefunikwa kwa vumbi ambalo halikuwa la juma moja. Ukumbi mdogo wenye taa 12 zinazotumiwa kila jioni ni bora kuliko ukumbi mkubwa unaofunguliwa siku ya mahafali.

Pili, aulize ni nani anayeishika mitambo. Katika vyuo vingine mitambo ni ya fundi aliyeajiriwa, na mwanafunzi huruhusiwa kuitazama tu. Swali la kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wala si mkuu wa idara, ni hili: “Wewe mwenyewe umewahi kuongoza taa za mchezo mzima mara ngapi?” Akisita, jibu limepatikana.

Tatu, aulize chuo huonyesha michezo mingapi kwa mwaka, na je, hufanyiwa hadhira inayolipa kiingilio au wahadhiri watatu wanaotoa alama? Ufundi huu hufundwa na hadhira. Mbele ya watu walionunua tiketi hakuna kurudia.

Nne, aisome mihtasari ya kozi kwa kalamu mkononi. Ahesabu masomo ya nadharia, ya historia na ya uchambuzi wa matini, kisha ahesabu yale ambayo mwanafunzi atashika msumeno, sindano au waya. Siyadharau ya kwanza; fundi asiyejua kusoma tamthilia atawasha taa ya harusi katika onyesho la msiba. Lakini kama ya pili ni mawili au matatu katika miaka minne, hiyo ni shahada ya fasihi iliyovikwa maleba.

Tano, aulizie mafunzo ya nyanjani: chuo humpeleka mwanafunzi wapi, na kwa miezi mingapi? Chuo chenye uhusiano na majumba ya maonyesho, vituo vya televisheni na kampuni za sauti kina thamani kuliko chenye bustani nzuri.

Sita, na hili wengi hulisahau, aulizie uhalali. Kozi ya chuo kikuu iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na ya taasisi ya ufundi iwe chini ya mamlaka iliyowekwa na sheria ya 2013 ya mafunzo ya kiufundi. Anayekwenda nje aulize mapema kama cheti chake kitatambuliwa nchini na kama mkopo wa HELB utamfuata huko. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili asiyeuliza pia hupoteza shamba.

NJIA YA PILI

Sasa nimgeukie mzee na swali lake la nani atakayemwandika binti yake. Nitakuwa mdanganyifu nikimwambia kwamba majumba ya maonyesho yanamsubiri. Ukiondoa Nairobi na kumbi chache kama ile ya Little Theatre Club Mombasa na ya Nakuru Players, nchi hii haina majumba ya kutosha kuwaajiri mafundi wa jukwaa pekee. Huku mlimani, kuanzia Karatina hadi Nyeri, Nanyuki na Meru, mwenye cheti hicho akitafuta jumba la maonyesho lenye ajira ya kudumu atatembea sana.

Lakini mzee mwenyewe, kama sisi sote, hajaenda kwenye harusi, mazishi au mkutano wa siasa bila kumkuta mtu wa mahema na vipaza sauti. Makanisa yetu yamenunua mitambo ya sauti ambayo kila Jumapili hupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia kwa sababu aliyeishika hakufundwa. Vituo vya televisheni vinahitaji mwangaza. Mikutano ya kaunti inahitaji majukwaa yasiyoanguka. Kazi ipo tele. Kilichokosekana ni watu waliofunzwa kuifanya na wateja waliozoea kuilipa kama taaluma. Fundi wa jukwaa aliyefunzwa vyema hana mwajiri mmoja. Ana wateja wengi. Kwa mzazi aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi, hilo linatisha, wala simlaumu. Ni bora alijue sasa kuliko baada ya miaka minne.

Kwa sababu hiyo, napendekeza wazazi na walimu waitazame pia njia ya pili, ambayo huanzia karibu na nyumbani. Mwanafunzi anayehitaji alama ya C+ ili kujiunga na shahada huhitaji C- tu kwa stashahada. Taasisi za kiufundi za eneo hili, kama Nyeri National Polytechnic, zipo kwa ajili ya stadi za mikono, na stadi za umeme, useremala na ushonaji ndizo mifupa ya ufundi wa jukwaa. Kijana akipata stashahada ya umeme, huku jioni na likizo zake akizitoa kwa kikundi cha maigizo, kisha akaendelea na mafunzo ya sanaa Bagamoyo au katika chuo kikuu, ataingia ukumbini akiwa na kitu ambacho wenye shahada tupu hawana. Na ukumbi ukikosekana, umeme hautakosekana.

Najua litakalosemwa: kwamba msomi mwenye shahada ya uzamifu anawashauri watoto wa wenzake waende polytechnic huku wake akiwapeleka chuo kikuu. Lawama hiyo naipokea, kwa maana sisi wenye vyeti virefu ndio tuliowafundisha watu kuidharau kazi ya mikono. Hata hivyo, siisemi njia hii kama adhabu ya aliyeshindwa. Naisema kama njia inayofaa ufundi huu hasa, ambao hauingii kichwani kabla ya kupitia mikononi. Binti akipata chuo kikuu kilichofaulu maswali yangu sita, aende, tena mbio. Asipokipata, asikubali shahada ya jina.

WALIMU NA MWAKA WA 2029

Liko jambo jingine linaloufanya mjadala huu usingoje. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za upili za juu. Mikondo ni mitatu, na mmoja wao ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Ndani yake lipo somo la maonyesho na filamu. Kwa mara ya kwanza, kile ambacho binti yule alikifanya kwa magunia baada ya masomo kimekuwa somo. Watoto hao watamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028, na mwaka wa 2029 watabisha hodi vyuoni wakiuliza swali aliloniuliza yeye, wakiwa wengi na wakiwa na haki ya kujibiwa.

Ni nani atakayewafundisha? Walimu wengi wa Kiswahili na Kiingereza, ambao kwa miongo mingi wamezibeba mabegani tamasha za kitaifa za drama zilizoanza 1959, walijifunza taa na mandhari kwa kubahatisha. Wamefanya makubwa kwa nguvu zao, wala hakuna anayefaa kuwacheka. Lakini somo linalotahiniwa haliwezi kutegemea kipaji cha mwalimu mmoja mpenda sanaa. Na mhitimu wa sanaa za maonyesho asiyesomea ualimu hatasajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu hata akiwa fundi wa mafundi. Kwa hivyo anayetaka kuupeleka ufundi huu darasani achague tangu mwanzo chuo kitakachomwezesha kuchanganya sanaa na ualimu.

Hapa nina pendekezo kwa vyuo vyetu vya mlimani. Chuo Kikuu cha Karatina, kilichopata hati yake 2013 baada ya kulelewa na Chuo Kikuu cha Moi, hufundisha walimu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mwendo usiofika saa moja kwa matatu, hufundisha wahandisi wa umeme na mitambo. Mmoja ana watu wa maneno na malezi; mwingine ana watu wa waya na vyuma. Kinachohitajika ili kumpata fundi wa jukwaa aliye pia mwalimu kiko tayari baina ya Karatina na Nyeri, ila kimegawanyika katika malango mawili. Vikitoa kozi fupi kwa pamoja wakati wa likizo, walimu wa drama wa Nyeri, Kirinyaga na Laikipia wakafundwa taa, sauti na usalama wa jukwaa, gharama yake itakuwa ndogo kuliko ya kujenga jumba jipya. Ukumbi mmoja utatosha kwa kuanzia. Wazee wa Kamiriithu walianza na njiti za viberiti.

Nasi tunaofundisha lugha na fasihi tuna deni letu. Kwa miaka mingi tumeifanya tamthilia kuwa kitabu cha kuchambuliwa: dhamira, wahusika, mbinu za lugha, basi. Maelekezo ya jukwaani, yale yaliyochapishwa kwa herufi za mlalo, mwanafunzi huyaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Ilhali humo ndimo mwandishi alimoandika taa, sauti na maleba. Mwalimu wa kidato chochote anaweza kuanza kesho bila senti moja: awape wanafunzi onyesho moja la Bembea ya Maisha, awaambie wasichambue mhusika yeyote, bali wachore jukwaa, waandike taa itoke upande gani na mlio usikike wakati gani. Atashangaa kuona ni nani atakayeinua mkono. Mara nyingi huwa ni yule asiyeinua mkono siku nyingine.

Mzee aliniuliza ataandikwa na nani, nami sina jina la kumpa. Nimempa maswali sita na njia mbili. Lakini nimemwomba jambo moja: kabla ya kujaza fomu ya uuguzi, apande matatu na bintiye, waende katika chuo kimoja miongoni mwa nilivyovitaja, wafike jioni na si asubuhi ya wageni, na waombe kufunguliwa ukumbi. Wakikuta vijana wako juu ya ngazi wakifunga taa, mzee amwache binti aulize yake yote. Na akitaka kujua kama mwalimu wa hapo anaijua kazi yake, amuulize taa ya nne itachomekwa wapi.